Ndoo Kando ya Kitanda

Mtaani kwetu kulikuwa na dada mmoja, ndiye aliyenifundisha kusoma. Alikufa nikiwa kidato cha pili. Wakubwa walisema "tumbo," basi. Kisa chake nimekiandika mara tatu, mara tatu nikakichana. Damu tele, machozi tele, lakini yeye simwoni.

Halafu rafiki yangu akanionyesha picha za Paula Rego, mchoraji aliyezaliwa Lisbon mwaka 1935. Kura ya maoni ya kuruhusu utoaji mimba ilianguka Ureno mwaka 1998. Wengi hata hawakwenda kupiga kura. Mama huyu akakasirika, akachora wasichana waliotoa mimba kwa siri. Damu hakuna, jamani! Kuna kitanda, ndoo, sare ya shule, na macho yanayokutazama wewe.

Kisha akazichora upya kwenye mabamba ya shaba, zikachapwa. Mimi nilidhani nakala chache zenye namba ni mambo ya matajiri tu. Kumbe mchoro mmoja hukaa ukuta mmoja, nakala ishirini huingia nyumba ishirini. Kura iliporudiwa mwaka 2007, sheria ikabadilishwa.

Gazeti letu hili nalo hutoka nakala chache, ukimaliza humpa mwenzio. Kwa hiyo nimekaa, nimeandika mara ya nne. Nimeweka ndoo na khanga iliyokunjwa. Jina lake nimelificha. Macho yake, hapana.