Kompyuta Ina Namba, Kilichomo Hakina

Ingia katika ofisi yoyote ya umma uitazame kompyuta iliyo mezani. Ubavuni au mgongoni mwake utakuta kibandiko, au maandishi ya rangi, yenye herufi na tarakimu. Hiyo ni namba ya mali. Imo katika daftari. Mkaguzi akija huisoma, huilinganisha, huweka alama ya vema na kwenda zake. Kompyuta hiyo ikipotea, mtu atatakiwa kujieleza kwa maandishi. Lakini yaliyomo ndani yake, yaani orodha za wakulima wa pembejeo, mihtasari ya vikao vya kijiji, michoro ya mipaka ya mashamba, barua zilizokwisha kutumwa, hayana namba wala daftari. Yakipotea, husemwa tu kwamba mashine iliharibika, na kikao huendelea na ajenda inayofuata.

Nayaandika haya kwa sababu mwezi uliopita nilikaa siku tatu na diski iliyokuwa inakufa, hapa Mazimbu, na tangu hapo suala hili halijanitoka akilini.

Diski yenyewe ilikuwa ya mwanafunzi wangu wa shahada ya uzamili. Anachunguza kumbukumbu za matuta ya ngazi katika milima ya Uluguru. Wasomaji vijana pengine hawaijui habari hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi katika miteremko yao, kwa hoja ya kuzuia mmomonyoko. Udongo wa juu kule milimani ni mwembamba. Jembe likichimba ngazi, udongo usio na rutuba hutokea juu na ule mzuri hufukiwa chini. Watu walilima, wakavuna kidogo kuliko zamani, wakaambiwa waendelee kuchimba. Mwaka 1955 yakazuka machafuko upande wa Matombo, na mpango mzima ukaachwa. Aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1952 leo anakaribia 90. Binti huyu alipanda milima hiyo kwa miguu, kijiji baada ya kijiji, akarekodi mazungumzo 22 na wazee hao. Watano kati yao wamekwisha kufariki tangu awarekodi.

Kompyuta yake ni ya mpakato, ya mtumba, aliyoinunua Kariakoo. Betri ilikwisha kufa zamani, hivyo mashine huishi kwa umeme wa ukutani peke yake. Jioni moja, akiwa anahamisha rekodi za mwisho kutoka kwenye kinasa sauti, umeme ukakatika. Uliporudi, mashine iliwaka: taa, feni, nembo ya kampuni kiooni, vidoti vinavyozunguka. Kisha ikatangaza kwamba inajaribu kujirekebisha, ikazima, ikawaka, ikatangaza tena. Na ndani yake kikasikika kijisauti kidogo, ta, ta, ta, kama mtu agongaye mlango bila matumaini ya kufunguliwa.

Aliipeleka kwa fundi mjini. Fundi akamwambia tatizo ni dogo: tunapiga Windows mpya, elfu ishirini, jioni unaichukua. Binti akauliza, na vilivyomo? Akajibiwa kwamba hivyo ndivyo vinavyoondoka. Akaichukua mashine yake akapanda bodaboda hadi ofisini kwangu.

Simlaumu fundi yule. Mteja wa kawaida humwuliza swali moja tu, inawaka? Naye hulipwa kwa kulijibu swali hilo. Hata lugha yetu inamsaidia kutoona tofauti: tunasema kompyuta inawaka kama tunavyosema taa inawaka, jiko linawaka. Taa ikiwaka, hakuna zaidi cha kuitaka. Mafundi wenyewe wana neno la pili, hufunguka, wakisema mashine inawaka lakini haifunguki. Nalo halitoshi, kwa kuwa kompyuta iliyopigwa Windows mpya inawaka na inafunguka vizuri kabisa, ilhali kila kitu cha mwenyewe kimefutwa. Kwa mujibu wa daftari la mali, kompyuta hiyo ni nzima.

Hapa inafaa nieleze kidogo jinsi diski inavyougua, maana ugonjwa wake una tabia ambayo watumishi wa umma wataitambua. Diski ya aina ya zamani, inayozunguka, ina sahani ndani yake. Katika kompyuta nyingi za mpakato sahani hizo huzunguka mara 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea huelea juu yake kwa umbali mdogo kuliko unene wa unywele. Data hukaa katika vipande vidogo viitwavyo sekta. Sekta ikianza kuharibika, diski haikuambii. Ina akiba ya sekta za ziada zilizotengwa kiwandani. Huihamishia kazi kwenye moja ya hizo kimyakimya, wewe unaendelea kuandika barua zako, na idadi ya waliokufa huandikwa katika kitabu cha ndani kiitwacho SMART, ambacho karibu hakuna mtu anayekifungua. Nimekaa katika kamati zinazofanya kazi hivyohivyo. Kila pengo huzibwa kwa kutumia akiba, taarifa ya robo mwaka husema hali ni ya kuridhisha, hadi siku akiba inapokwisha na watu wanashangaa kwamba mambo yameharibika ghafla.

Na hata kitabu hicho cha ndani hakisemi yote. Mwaka 2007 watafiti wa Google walichapisha uchunguzi wa diski zaidi ya 100,000 walizokuwa nazo. Waliona kwamba zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuwa zimeonyesha lolote katika zile dalili za SMART zilizodhaniwa kuwa na nguvu zaidi. Upande wa pili, diski iliyokwisha kuonyesha kosa la kwanza la usomaji ilikuwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kufa ndani ya siku 60 kuliko ile isiyo na kosa. Kwa hiyo ukimya si uzima, lakini kosa likishaonekana, saa imeanza kuhesabu.

Ndiyo maana jambo la kwanza nililolifanya lilikuwa kuizima mashine. Yale majaribio ya kujirekebisha yanafaa pale ambapo diski ni nzima na kilichovurugika ni mpangilio wa mafaili tu. Diski yenyewe ikiwa inakufa, kila jaribio ni safari nyingine ya kichwa kile juu ya sahani zilizojeruhiwa, tena kikiandika, si kusoma tu. Mtu anayevuja damu hapangiwi mazoezi ya viungo. Kwanza nakala, kisha matengenezo. Na matengenezo hufanywa juu ya nakala, mgonjwa mwenyewe asiguswe tena.

Niliitoa diski, nikaiunganisha na kompyuta ya mezani yenye Linux, pembeni nikiweka diski mpya iliyo kubwa kuliko ile. Nikatumia programu iitwayo ddrescue, ambayo ni ya bure na mtu yeyote anaweza kuipata. Ninaipenda kwa akili yake ya kilimo. Hainakili kwa mstari mmoja toka mwanzo hadi mwisho, ikikwama inapokwama. Huvuna kwanza pale panapovunika kwa urahisi, huparuka palipo na miiba, na huandika ramani: hapa nimesoma, hapa bado, hapa pamenishinda. Baada ya hapo hurudi kwenye kingo za sehemu mbovu, ikisogea kidogokidogo, na kiini cha ubovu hukiacha mwisho kabisa, ili diski ikifa katikati ya kazi, iwe imekufa baada ya kutoa kilicho chepesi kutolewa.

Usiku wa kwanza ulitupa sehemu kubwa mno. Usiku wa pili umeme ukakatika tena (msomaji wa Morogoro hatashangaa), na betri ya akiba ikadumu robo saa. Uliporudi, programu ikaisoma ramani yake na kuendelea pale ilipoachia. Siku ya tatu kijisauti kile kilikuwa kimegeuka mkwaruzo, nikaona inatosha. Katika diski ya gigabaiti 500, zilizokataa kusomeka zilikuwa megabaiti 41. Hiyo ni kusema tuliokoa asilimia 99.99. Tarakimu ya namna hiyo ingependeza sana katika taarifa. Kisha tukafungua rekodi moja baada ya nyingine: katika faili 22, 19 zilikuwa nzima, mbili zina mapengo, na moja haikufunguka kabisa. Katika zile zenye mapengo, moja ni ya mzee aliyekwisha kufariki. Anaeleza jinsi walivyoamka siku ile kwenda Matombo, sauti inakatika, na inaporudi tayari wako njiani kurudi nyumbani.

Ninaishi na kufundisha mahali ambapo jambo hili lina historia yake. Kampasi hii ya Mazimbu ilikuwa shamba la mkonge, kisha serikali yetu ikawapa wapigania uhuru wa ANC, nao wakajenga hapa chuo chao kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, kikapewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu tarehe 6 Aprili 1979. Mwaka 1992 walitukabidhi majengo na kurudi kwao. Lakini kabla ya kuondoka walifungasha makaratasi. Kumbukumbu za chuo hicho zilipelekwa Chuo Kikuu cha Fort Hare, Afrika Kusini, na hadi leo mtafiti anaweza kwenda huko akasoma yale yaliyojadiliwa hapa tunapotembea kila siku. Watu waliokuwa uhamishoni, wenye haraka ya kurudi katika nchi waliyoikosa kwa miaka mingi, walijua kwamba majengo waliyoyaacha ni kitu kimoja na karatasi zile ni kingine. Sina hakika kama sisi, tukiambiwa leo tuhame ofisi zetu, tungebeba zaidi ya viti.

Taifa letu limewahi kuiogopa kompyuta. Mashine ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na kufikia 1974 serikali ilikuwa imezuia uingizaji wa kompyuta nchini. Baadaye milango ikafunguliwa, nasi tukatoka kwenye woga tukaenda moja kwa moja kwenye imani. Mifumo mikubwa ya kitaifa ina wataalamu na nakala zake, sina ugomvi nayo. Mashaka yangu yako chini, katika kompyuta moja ya ofisi ya kata, ya shule, ya chama cha ushirika, ambayo ndiyo pekee yenye orodha fulani, na mwenye kuijua nenosiri lake ni karani anayestaafu Juni. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Na. 3 ya mwaka 2002, haikuihesabu kumbukumbu kuwa ni karatasi tu. Taarifa iliyomo ndani ya diski nayo ni kumbukumbu. Maana yake ni kwamba anayeagiza mashine ya ofisi ipigwe Windows mpya bila kunakili kwanza ameteketeza nyaraka, sawa na aliyechoma kabati. Sijasikia mtu akiitwa kujieleza kwa hilo.

Ningekuwa na sauti mahali zinapotengenezwa fomu, ningeomba safu mbili zaidi katika daftari la mali, pembeni ya namba ya kompyuta: ndani yake mna nini, na nakala iko wapi. Mkaguzi akifika asiishie kusoma kibandiko. Aombe kuonyeshwa nakala, ifunguliwe mbele yake, maana nimewahi kuona flashi zilizofungiwa kwenye droo kwa miaka zikiitwa nakala, na siku ya kuzihitaji hazikusomeka. Wanafunzi wenzangu wanaharakati, nanyi mna ushahidi mwingi katika simu moja iliyopasuka kioo. Hili nalo linawahusu.

Rekodi za binti sasa ziko mahali patatu: moja kwake, moja kabatini kwangu hapa kampasi, ya tatu nje ya Morogoro. Ile isiyofunguka ilikuwa ya bibi mmoja wa juu ya Matombo ambaye, kwa bahati, yu hai. Jumamosi iliyopita binti alipanda gari la asubuhi kumrudia. Bibi alimpokea, akasikiliza maelezo yote kuhusu diski, akamwuliza kama safari hii amekuja na betri. Alikuwa nazo mbili. Walizungumza saa tatu, na baadhi ya aliyoyasema, binti ananiambia, hayakuwamo mara ya kwanza.