Homa Ikishuka, Tuutazame Mkojo

Wazee wetu wa pwani waliuita ugonjwa huu kidingapopo, na wapo wataalamu wa lugha wasemao kwamba jina dengi, lililoenea leo duniani kote, lina asili katika neno hilohilo la Kiswahili. Mombasa imeuonja zaidi ya mara moja, ukiwamo mwaka 2013 na mwaka 2017. Huletwa na mbu mwenye mabaka meupe miguuni, aumaye mchana na kuzaa katika mapipa na mitungi tuwekayo maji. Hayo wengi wayajua. Kinachotushughulisha leo ni jambo waja walionealo haya, nalo ni mkojo.

Mama zetu hutuletea watoto wenye homa tuwasomee, au huja kutaka kombe, nasi hatukatai. Ila tumejizoeza kuuliza kwanza: mtoto amekojoa saa ngapi? Wengine hucheka. Mama mmoja jirani alitujia adhuhuri akiwa na furaha, kwamba homa ya siku nne imeshuka tangu alfajiri. Tulipomuuliza, ikawa tangu alfajiri hiyo mtoto hajakojoa, tumbo lamuuma, na mikono ni baridi. Tukamwambia kisomo kitafuata, ashike njia ya hospitali. Mtoto alilazwa, akatiwa maji mshipani, akapona, alhamdulillahi.

Katika dengi, hatari aghalabu huingia pale homa inaposhuka, baina ya siku ya tatu na ya saba. Mwili unapopigana na virusi hutoa kemikali za uvimbe. Zikizidi, kuta za mishipa midogo hulegea na maji ya damu huvuja nje ya mishipa. Damu huwa nzito, figo hupata damu haba, na mkojo hupungua. Mtoto akipitisha saa nne hadi sita bila kukojoa, apelekwe hospitali.

Wataalamu nao wameugeukia mkojo, maana hupatikana bila ya kumchoma mtoto sindano. Kule Vietnam wamepima protini iliyomo ndani yake, na wengine hutafuta humo kemikali zenyewe za uvimbe, wakitaraji kumtambua mapema atakayezidiwa. Waliozidiwa huonekana kuwa na protini nyingi zaidi, lakini vipimo vyao na vya wagonjwa wepesi vyaingiliana mno, hata tabibu hawezi kuvitegemea peke yake. Kwa sasa, jicho la mama lingali na kazi kubwa.

Wapo pia waonao vibaya kubeba kichupa cha mkojo kwa kuwa ni najisi. Najisi huoshwa kwa maji, na kuibeba kwa ajili ya tiba hakuna ubaya, mradi mtu asisali nayo mfukoni.

Na dawa ya homa iwe parasetamoli. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki huzidisha hatari ya kutoka damu, nazo huuzwa madukani kama peremende. Mgonjwa na anyweshwe uji mwepesi, maji ya madafu na maji ya chumvi na sukari, kidogo kidogo, mchana na usiku.