Ndoo Tumeitua, Matembezi Tusiyaache

Ukimwona mama mtu mzima hapa Kahama anatembea jioni, hana mzigo kichwani wala mtoto mgongoni, utafikiri nini? Wengi watamsimamisha wamwulize, "Mama, kwema huko? Kuna msiba?" Sisi wanawake tumezoeleka tukitembea kwa shughuli: kisimani, mashineni, shambani, sokoni, kliniki. Kutembea bila shughuli ni jambo la kuulizwa.

Hebu tulizungumze hilo, maana ndani yake mna afya yetu na furaha yetu.

Mama zetu walitembea sana. Wakati wa kiangazi waliondoka alfajiri kwenda kutafuta maji, wakarudi na ndoo ya lita 20 kichwani, yaani kilo 20 juu ya shingo. Sisemi siku zile zirudi. Wengi wao wanaumwa migongo hadi leo. Mradi wa maji ya Ziwa Victoria kutoka Ihelele, wilayani Misungwi, ulizinduliwa mwaka 2009, na maji yakafika Kahama kwa bomba. Serikali ina msemo wake, "kumtua mama ndoo kichwani", na msemo huo ni mzuri. Tena mashine za kusaga zipo karibu, na ukitaka kwenda mahali bodaboda inakuja hadi mlangoni. Tumshukuru Mungu.

Lakini pamoja na ndoo tulitua kitu kingine bila kukiona. Njia ya kisimani ndiko tulikocheka, tukapeana pole, na binti akaambiwa na shangazi yake mambo ambayo hayasemwi nyumbani. Sasa bomba liko uani, na kila mmoja yuko ndani ya geti lake. Mimi ni fundi cherehani. Naketi tangu saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni, mguu mmoja ukipiga pedali, mgongo umepinda.

Wifi yangu ndiye aliyenifanya niwaze haya. Alipofiwa na mumewe alikuja kukaa nasi hapa Nyasubi. Kwa miezi mitatu hakutoka nje ya ua ila kwenda kanisani, tena kwa bodaboda. Usingizi ulimpotea, chakula kikamshinda, na alipopimwa presha ilikuwa imepanda. Muuguzi alimpa dawa alizoandikiwa na daktari, akamwambia pia awe anatembea kidogo kila siku.

Wifi aliniambia, "Mjane akionekana anazurura, watu watasemaje?"

Kina mama, msiseme aliogopa bure. Mnajua wenyewe maneno yanayomfuata mjane akicheka mapema, akivaa vizuri, au akipita njiani bila sababu. Nilimjibu, "Basi tutachukua kikapu." Tukachukua. Kila jioni tulitoka na kikapu kama watu waendao kununua mboga.

Siku ya kwanza tulifika kwenye mwembe wa jirani tu, tukapumzika, tukarudi. Wiki ya pili tukafika mwisho wa nyumba, mahali majaruba ya mpunga yanapoanza. Mpunga ulikuwa umechanua. Yangeyange walikuwa wakiwafuata ng'ombe, na wavulana wakiwaswaga kurudi nyumbani. Bibi mmoja aliyekuwa akichuma mlenda alituamkia, "Mwadila, mayu!" Tukamwitikia. Ilikuwa ni mara yangu ya kwanza baada ya muda mrefu kuliona jua likizama bila kulitazama dirishani.

Wiki ya tatu wifi alianza kumtaja mumewe. Tangu msiba hakuwahi kulitamka jina lake. Nimejifunza kwamba watu wawili wakiketi uso kwa uso, kuna maneno yanayokwama kooni; wakitembea bega kwa bega wakitazama mbele, maneno hayo hupata njia. Alilia kidogo, tukaendelea kutembea.

Jioni moja jirani alituzuia na kuchungulia kikapuni. "Mbona kitupu? Kila siku mnabeba nini?" Wifi akamjibu, "Tunabeba upepo, dada." Kisha akacheka mpaka akashika mti. Jirani naye akacheka, na kesho yake alikuwa akitungoja njiani. Leo tuko watano, na kikapu kinabaki nyumbani.

Presha ya wifi imetulia. Dawa zake anaendelea kuzimeza, maana matembezi hayaondoi dawa bila daktari kusema. Lakini analala usiku, na analima bustani ya mchicha.

Wataalamu nao wana ushahidi. Mwaka 1953 daktari Jeremy Morris na wenzake walichapisha uchunguzi kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya London. Dereva alikaa kitini siku nzima. Kondakta alipanda na kushuka ngazi za basi la ghorofa akikata tiketi. Ilionekana makondakta waliugua moyo kidogo kuliko madereva. Hawakuwa wanamichezo, ni miguu tu iliyokuwa ikifanya kazi. Siku hizi Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki. Hiyo ni nusu saa kwa siku 5. Mwendo wa wastani ni ule ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Wanakwaya, mmesikia!

Mama unayelima mpunga tangu asubuhi hadi jioni, hapa sikusemi wewe. Mwili wako umeshafanya kazi, unahitaji kupumzika. Nasema na sisi wa cherehani, wa dukani na wa ofisini.

Ukitaka kuanza, anza kidogo. Mwambie mume au watoto unakokwenda, injika maharage, mwachie binti au kijana aangalie moto. Nusu saa haitaunguza nyumba. Nendeni wawili au watatu, mrudi kabla ya giza. Iacheni barabara kuu ya Isaka na Lusahunga yenye malori, mfuate njia za ndani. Raba ni bora kuliko kandambili, hasa mvua zikianza Novemba na udongo mweusi ukianza kunata. Mwenye presha, sukari au mimba amwulize kwanza daktari au muuguzi. Ukisikia maumivu ya kifua, simama, kisha nenda hospitali.

Neno langu la mwisho ni juu ya binti zetu. Wamekua wakiona kwamba mwanamke hutembea kwa sababu ametumwa, au kwa sababu kuna kitu kimepungua nyumbani. Wakituona tunatoka jioni mikono mitupu, tunaongea na kucheka, watajua kwamba mwili huu haukuumbwa kubeba mizigo tu. Na kama jirani yako ni mjane, au ni mtu aliyejifungia na huzuni yake, usiishie kumtumia salamu. Mgongee geti, umwambie avae viatu.