Kununua Neno Usiloweza Kulisoma

Mwanafunzi wangu wa zamani, sasa mtumishi wa umma, ameniuliza kama ni busara kutia akiba yake katika majina ya kikoa yaliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kiarabu chenyewe hakijui. Ameambiwa tu kwamba maneno ya kawaida, kama "dawa" na "nyumba", yangali yanapatikana kwa bei nafuu na kesho yatauzwa kwa mamilioni.

Mwaka 2010 ICANN, taasisi inayoratibu majina ya intaneti, iliziwezesha Misri, Saudia na Falme za Kiarabu kuwa na anwani za kitaifa kwa herufi zao. Urusi nayo ikafungua.рф. Nililipokea jambo hilo kama haki iliyochelewa. Kwa nini raia wa Misri aifikie serikali yake kwa herufi za Kilatini?

Hata hivyo, ndani ya mitambo kila jina la aina hiyo hugeuzwa kuwa mfuatano wa herufi za Kilatini unaoanza na xn--, na mifumo kadhaa ya barua pepe ingali inazikataa anwani hizo. Isitoshe, watu wengi siku hizi hutafuta tu kwa Google. Mnunuzi ni adimu, ilhali ada ya mwaka hulipwa, jina liuzwe lisiuzwe.

Hasara hiyo ni yake. Linalonikera ni duka la dawa la Aleksandria kulazimika kulikomboa neno la lugha yake mikononi mwa mtu asiyeweza hata kulisoma. Nimemshauri aanze kwa kujifunza Kiarabu. Bado hajanijibu.