Mikono na Kimya: Jioni Moja na Ngoma ya Wakhmer

Kwa msomi wa fasihi simulizi, ni fedheha ya aina yake kuketi katika hadhira pasipo kuelewa hata neno moja la kinachoimbwa. Ndivyo nilivyoketi jioni moja ya Januari 2024, katika ukumbi mdogo jijini Phnom Penh, nchini Kambodia, nilikokuwa safarini. Kikhmer sikijui. Daftari ambalo kwa miaka 30 limenizoesha kuandika maneno ya watu lilikuwa pajani pangu, halina kazi.

Siku mbili kabla ya hapo nilikuwa Angkor Wat, hekalu la karne ya 12 ambalo kuta zake zimechongwa mamia ya wanawake wa mbinguni. Mwongozaji wetu alisema kwamba ngoma tutakayoiona ndiyo hiyo hiyo iliyomo mawemo, na kwamba haijabadilika kwa miaka elfu moja. Kauli hii hupendwa na watalii. Na sisi wahakiki, ambao aghalabu tumeifanya asili kuwa kipimo cha ubora, hatuna haki ya kuwacheka. Ukweli ni kwamba ngoma ya Apsara inayojulikana zaidi leo ilibuniwa katika karne ya 20, chini ya uangalizi wa Malkia Sisowath Kossamak, na nyota wake wa kwanza alikuwa mjukuu wake, Norodom Buppha Devi. Mawe yaliweza kutoa maumbo tu. Njia ya kutoka umbo hadi umbo ilitoka katika miili ya wachezaji wa kasri.

Walioanza ni wapigaji: marimba, ngoma, shaba zilizopangwa kwa duara, na ala ya kupuliza ambayo ningeiita zumari bila kusita. Kisha akaingia Mani Mekhala, mungu wa kike wa maji, na kito chake king'aacho mkononi; nyuma yake akafuata jitu Ream Eyso na shoka lake, akikitamani kito hicho. Kito kikirushwa, umeme humulika, shoka likirushwa, radi hunguruma, mvua ikapatikana. Jitu hupumbazwa na mwanga lakini haliuawi, kwa kuwa bila ya ugomvi wao mashamba yangekauka. Jitu pia lilichezwa na mwanamke, uso wake umefichwa kwa kinyago, kama ilivyo desturi ya kale ya ngoma hii.

Kilichonikera mwanzoni, kisha kikanishika, ni kwamba fanani hasemi. Neno limekabidhiwa waimbaji walioketi kando. Mchezaji, aliyevishwa maleba kwa kushonewa mwilini, amebakiwa na mikono, shingo na unyayo ulioinuliwa nyuma ukaangalia juu. Vidole vyake vilivyopindishwa tangu utotoni hujikunja kuelekea nyuma kiasi cha kumtisha mgeni. Mkono ule ule, kwa kugeuzwa kiganja tu, huwa jani, huwa ua, huwa tunda. Mwaka 1906, mchongaji Rodin aliwaona wachezaji wa kasri mjini Paris, akawafuata hadi Marseille, akachora picha zipatazo 150. Nadhani naielewa pupa yake. Yeye walau alichora mikono.

Kando ya wapigaji aliketi mwanamke mzee. Hakuimba wala hakupiga chochote. Nilipomtazama kwa makini niliona vidole vyake vikitembea juu ya paja, navyo vilikuwa vikiwatangulia wachezaji kwa nukta chache. Jani lilikuwa ua pajani kabla halijawa ua jukwaani. Kuanzia hapo sikuweza kuwatazama wachezaji kwa utulivu.

Umri wake ulinifanya nihesabu miaka. Khmer Rouge waliingia Phnom Penh tarehe 17 Aprili 1975, wakawatoa watu mjini kwenda mashambani. Hadi utawala wao uanguke Januari 1979, watu wapatao milioni 1.7 walikuwa wamekufa, na hutajwa mara nyingi kwamba kati ya wasanii kumi wa ngoma hii tisa waliangamia. Mawe ya Angkor yalibaki, lakini hayakuweza kumfundisha mtoto yeyote kuinua kiwiko. Walioweza ni wachache waliosalia hai, mmoja akikumbuka mwanzo wa ngoma, mwingine mwisho wake. Miongoni mwao alikuwamo Chea Samy, aliyelelewa katika ngoma ya kasri tangu utotoni, na ambaye, kwa kejeli ambayo mtunzi wa tamthilia angeogopa kuitumia, alikuwa shemeji yake Pol Pot mwenyewe. Alifundisha hadi alipofariki mwaka 1994. UNESCO iliitambua ngoma hiyo mwaka 2003; kazi kubwa ilikuwa imekwisha kufanywa vidoleni.

Sasa niseme lililoninyima usingizi usiku ule. Mwaka 1993, nikikusanya data za tasnifu yangu, nilimrekodi bibi mmoja wa pwani, mwimbaji na mchezaji wa lelemama. Nilikuwa na kinasa sauti na kanda sita. Kila alipoacha kuimba, mimi nilisubiri, na baadaye katika unukuzi nikaandika ndani ya mabano: kimya. Msimamizi wangu alinisifu kwa uangalifu huo. Siku ya tatu bibi aliniambia, "Mwanangu, waandika tu. Mbona hunitazami?" Nikamjibu, "Nakusikiliza, bibi," nami nikiinamia daftari. Nilidhani nimemjibu.

Niliporudi Nairobi niliitoa tasnifu rafuni. Maneno yote yamo, yamefasiriwa, mizani zimehesabiwa, jazanda zimepangwa sura kwa sura. Nimeyahesabu mabano: kimya ishirini na tatu. Bibi alifariki mwaka 1998. Nilikwenda kwao mwezi wa Aprili, nikamuuliza binti yake kama anakumbuka mama yake alifanya nini baada ya ubeti wa pili wa wimbo wa kwanza. Alifikiri kitambo, akanyoosha mkono wa kulia mbele ya kifua, akaugeuza kiganja juu, kisha akasita. "Hapa kulikuwa na kitu kingine," akasema, na mkono wake ukabaki pale pale hewani.