Neno lile lile, mkazo umehama

Mtoto aliyeanza masomo kwa Kifaransa huko Rutshuru, kisha akavuka Bunagana pamoja na wazazi wake, anakuta shule za Uganda zinafundisha kwa Kiingereza. Ubaoni anaona maneno anayoyafahamu: education, agriculture. Anayasoma kwa sauti, na wenzake wanacheka. Herufi ni zile zile alizozisoma kwao. Kilichohama ni mkazo.

Kiswahili hukaza karibu kila mara silabi ya pili kutoka mwisho: hos-pi-TA-li. Kifaransa hukaza mwishoni: é-du-ca-TION. Kiingereza hakina makao mamoja. Hospital hukazwa mwanzoni, HOS-pi-tal. Certificate hukazwa kwenye silabi ya pili, cer-TI-fi-cate. Kwa hiyo mama anayetamka sa-ti-fi-KE-ti mbele ya afisa mgeni ametaja neno sahihi, lakini huenda akaulizwa mara tatu, hadi akate tamaa na kunyamaza. Na karatasi anayoieleza ndiyo inayobeba majina ya watoto wake.

Wazazi wanaweza kuwasaidia watoto, na wao wenyewe kujisaidia, hata bila kitabu. Neno likatwe silabi kwa silabi, kila silabi na kofi lake, na kofi moja liwe kubwa. Maneno yanayoishia na -tion hupata kofi kubwa kwenye silabi iliyotangulia hiyo: e-du-CA-tion, re-gis-TRA-tion, i-den-ti-fi-CA-tion. Yanayoishia na -ity hukazwa silabi ya tatu kutoka mwisho: com-MU-ni-ty, na-tio-NA-li-ty. Mengine, kama AG-ri-cul-ture, hujifunzwa kwa sikio, na hapo redio ya Kiingereza inafaa sana: msikilizaji ashike neno moja, alirudie papo hapo.

Ugumu ni silabi zilizobaki. Mswahili huipa kila irabu haki yake, lakini Mwingereza huzipitia haraka zile zisizo na mkazo, irabu zikafifia. Anayezitamka zote kwa nguvu sawa huficha ile moja inayosubiriwa na msikilizaji.

Lafudhi ya Kivu haina sababu ya kufichwa. Mtu abaki na sauti yake, aweke tu kofi kubwa mahali pake, ili siku atakapohitaji kutaja hospital, asikike mara ya kwanza.