Huko Laikipia, swara huingia bila hodi

UKITOKA mjini Nanyuki ukafuata barabara ya kwenda Dol Dol, muda si mrefu utajikuta ukisafiri katikati ya nyua mbili. Kushoto ni seng'enge, kulia ni seng'enge, na mahali pengine ni nyaya za umeme zilizopigwa kwenye nguzo ndefu. Ng'ambo ya ua, pundamilia wanakula nyasi bega kwa bega na ng'ombe wa aina ya Boran. Mgeni kutoka Nairobi, aliyezoea kuona wanyama katika mbuga za serikali, lazima ajiulize: hapa ni mbugani au ni shambani kwa mtu?

Ni shambani kwa mtu. Laikipia ina ukubwa wa karibu kilomita 9,500 mraba, na wengi wa wanyamapori wake, ndovu, twiga, simba na vifaru, huishi katika ranchi za kibinafsi na katika ardhi za jamii. Ol Pejeta peke yake, ambayo zamani ilikuwa ranchi ya ng'ombe, ina ekari zipatazo 90,000 na zaidi ya vifaru weusi 100. Ndiko alikofia Sudan mnamo Machi 2018, yule kifaru mweupe wa kaskazini aliyekuwa dume wa mwisho duniani.

Msafiri anayefika huku akiwa na watoto nyuma ya gari anapaswa kujua sheria mbili, kwa sababu kila lango atakalopita linalindwa na hizo.

Ya kwanza ni ile ya kuingia ardhi ya mtu bila idhini, Sura ya 294 ya Sheria za Kenya. Ilitungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, mkoloni akiwa anafunga virago. Inasema kwamba mtu anayeingia, kukaa, kujenga, kulima au kulisha mifugo katika ardhi ya kibinafsi bila idhini ya anayeimiliki au kuikalia, na bila sababu ya maana, amevunja sheria. Hayo hata mtoto wa shule anayafahamu. Nyumbani kwa mtu hupigwa hodi. Lakini kuna kifungu ambacho wengi hawakijui. Ukishtakiwa, mzigo wa kuthibitisha kwamba ulikuwa na idhini, au kwamba ulikuwa na sababu, unakuangukia wewe. Mchungaji aliyemfuata ndama aliyepenya chini ya waya ndiye atakayemweleza hakimu, wala si mwenye ranchi.

Sheria ya pili ni ya wanyamapori, ya mwaka 2013. Hiyo hairuhusu mtu kuwinda kwa mchezo, na hairuhusu kuwinda kwa kitoweo. Na hapa ndipo penye kushangaza: hata mwenye shamba mwenyewe haruhusiwi. Ana hatimiliki ya udongo, ya nyasi na ya bwawa alilochimba kwa pesa zake, lakini swara aliyelala chini ya mgunga wake si mali yake. Anaweza kumlinda, anaweza kuwatoza watalii wanaokuja kumpiga picha, lakini kumgeuza nyama hawezi. Afrika Kusini walichagua njia nyingine. Huko, tangu sheria ya mwaka 1991, mwenye shamba lililozungushiwa ua wa kutosha huhesabiwa kuwa mwenye wanyama waliomo, na huwauza, huwanunua na kuwakaribisha wawindaji wa kulipa.

Kwa hivyo huku kwetu ua una kazi ya ajabu. Jirani haruhusiwi kuvuka kumfuata swara, na tajiri haruhusiwi kumla. Swara naye huruka akaingia, akashiba, akaruka akatoka. Hapigi hodi kwa mtu.

Hakika si kila mgeni asiye na hodi huja kwa upole kama swara. Upande wa magharibi, kuanzia Rumuruti hadi Kinamba, wako wakulima wadogo wenye ekari mbili tatu za mahindi. Ndovu akishuka usiku kutoka ranchi moja kwenda nyingine, mahindi hayo yamo njiani mwake. Hakuna mahakama itakayomshtaki ndovu kwa kuingia shamba la mtu. Sheria ya 2013 iliweka fidia ya Sh5 milioni kwa familia ya aliyeuawa na mnyama, na Sh3 milioni kwa aliyepata ulemavu wa kudumu. Ni pesa nyingi kwa kuzisoma. Lakini malipo yamekuwa yakichelewa mno, na kuna familia zilizosubiri miaka na mikaka.

Mambo hayakuwa hivi tangu jadi. Maeneo haya yalikuwa malisho ya Wamaasai hadi mkataba wa 1911 ulipowaondoa na kuwahamishia kusini ili walowezi wapate nafasi. Walikwenda mahakamani kupinga, na mwaka wa 1913 kesi yao ikatupwa. Ardhi ikapimwa, ikakatwa, ikapewa majina mapya.

Katika miaka hiyo hiyo, mlango wa kuwinda ulikuwa wazi kwa yule aliyekuwa na leseni mfukoni na mwenyeji wa kumkaribisha. Rais mstaafu wa Marekani, Theodore Roosevelt, alifika nchini mwaka 1909 akiwa na mwanawe Kermit. Walowezi walimfungulia mashamba yao. Alilala na kuwinda kwa Alfred Pease upande wa Machakos, kisha kwa William McMillan kule Juja. Kufikia mwisho wa safari yao ya Afrika, baba na mwana walikuwa wameangusha wanyama 512. Mwafrika aliyetega kitanzi cha digidigi nyuma ya nyumba yake, bila karatasi yoyote, aliitwa jangili. Neno hilo lingali linatumiwa, na mimi husita kidogo kila ninapoliandika.

Wawindaji wa kulipwa, wale waliowaongoza matajiri kutoka ng'ambo, waliunda chama chao mwaka 1934. Nchi iligawanywa katika maeneo ya uwindaji ambayo mtu alikodisha kupitia idara ya wanyamapori. Biashara hiyo iliendelea hata baada ya Uhuru, mpaka Mei 1977, serikali ilipopiga marufuku uwindaji wote kwa sababu ndovu na vifaru walikuwa wakimalizwa. Chama kikavunjwa mwaka huo huo. Wengi wa wawindaji hao waliweka bunduki chini wakaanza kuwabeba watalii wenye kamera.

Sasa rudi nami kwenye barabara ya Dol Dol, mpaka mwisho wake, ambako seng'enge zinapungua na ardhi inakuwa ya jamii. Juu ya mji kuna msitu wa Mukogodo. Humo ndimo walimoishi Wayaaku, watu wa mapango, mizinga na mishale. Walikula pimbi wa kwenye majabali, walirina asali, na kijana alipotaka kuoa alilipa mahari kwa mizinga ya nyuki. Katika miaka ya 1920 na 1930 waliingia katika ufugaji, wakaacha mapango, na hata lugha yao wakaibadilisha kwa Kimaasai. Leo wanaokijua Kiyaaku ni wazee wachache sana.

Mzee mmoja niliyemkuta ameketi nje ya duka alinisikiliza nikieleza habari za sheria, kisha akacheka.

"Kijana wangu," akasema, "sisi hatukuwa na ua, lakini mpaka tulikuwa nao. Bonde lile ni la ukoo fulani, na mizinga iliyomo ni yao. Ukienda kurina huko bila kuwaambia, utajibu."

"Na nyama, mzee?"

"Nyama ilikuwa ya aliyetangulia kuigusa na mshale."

Maneno yake yalinikumbusha Kifungu cha 63 cha Katiba ya 2010, kinachosema kwamba ardhi za mababu na ardhi zilizokaliwa kijadi na jamii za wawindaji ni ardhi za jamii. Basi Katiba inamtambua mwindaji na ardhi yake, ilhali sheria ya wanyamapori inamwambia asiwinde. Sisemi marufuku iondolewe. Nchi hii ilipoteza vifaru karibu wote katika miaka ya 1970 na 1980, na risasi zikirudi hazitachagua. Lakini aliyeombwa kuuacha upinde wake ana haki ya kuuliza alipewa nini badala yake, na jibu la kwamba watalii wanakuja halimtoshi mtu ambaye hajawahi kuvuka lile lango.

Zaidi ya nyama, siku hizi kinachogombaniwa ni nyasi. Kiangazi kikali cha 2017 kilipobana, wafugaji wenye maelfu ya ng'ombe, wengine wakiwa na silaha, walikata nyua na kuingia kwa nguvu katika ranchi kadha. Watu waliuawa, akiwemo mmoja wa wamiliki wa ranchi ya Sosian, Tristan Voorspuy, mwezi wa Machi. Mwezi uliofuata mwandishi Kuki Gallmann alipigwa risasi katika shamba lake akajeruhiwa vibaya. Nyumba za wakazi maskini pia zilichomwa, ingawa hizo hazikuandikwa sana. Kuna ranchi ambazo zimeafikiana na majirani: ng'ombe kadha huingia kwa zamu na kwa malipo, wakahesabiwa langoni, nyasi zikaliwa bila vita. Kwa maoni yangu lango la namna hiyo lina faida kuliko volti zote zilizomo katika nyaya zile.

Kwa familia inayotaka kwenda, Nanyuki ni mwendo wa kilomita 200 hivi kutoka Nairobi, na matatu ni nyingi. Beba kitambulisho, kwa maana mahali kama Ol Pejeta Mkenya hutozwa kiingilio cha chini kuliko mgeni. Kwingineko piga simu kabla ya kufunga safari. Si kila njia ya vumbi inayoacha barabara kuu ni njia ya umma, hata kama haina kibao. Katika lango moja nilimkuta askari mwenye koti refu la baridi, mpole kabisa.

"Umepiga simu, bwana?"

"La, afande. Nilitaka kuuliza tu kama naweza kupita hadi mtoni."

"Mtoni kuna nyati na simba. Tena kuna mwenyewe." Akatabasamu. "Rudi mjini, upige simu, kesho nitakufungulia."

Tulipokuwa tukizungumza, ngiri wanne walipita chini ya waya karibu na miguu yake, mama mbele, watoto nyuma, mikia juu. Askari hakugeuka kuwatazama.